Sura ya Sita: Nani Alishona?

Lori la majani ya chai lilikuwa limekwama. Habari zilisema ni kule chini karibu na daraja, mahali ambapo mvua ya alasiri ikishanyesha sawasawa udongo wetu mwekundu hugeuka sabuni. Pale kwenye kituo cha kupimia majani tulikuwa watu kama ishirini, wengi wao akina mama, kila mmoja na mifuko yake miguuni. Majani yaliyochunwa hayapendi kungoja. Yakibanwa mfukoni hupata joto na kuanza kuwa mekundu, na karani akiyaona hivyo huyakataa mbele za watu. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache mmoja wetu aliinuka, akazamisha mkono kwenye mfuko wake hadi kiwikoni, akayapindua majani, akarudi kukaa.

Nilikuwa nimerudi Boito, kwetu Bomet, kwa siku chache, na jioni ile kazi yangu ilikuwa kumbebea Mama mifuko yake miwili. Giza lilipoanza kuingia nikatoa simu. Wenzangu huweka kwenye simu picha za watoto wao. Mimi huweka picha za michoro: ya kuta za maonyesho niliyoyatembelea, ya kurasa za vitabu, na ya kazi ambazo huenda nisizione kwa macho kamwe kwa sababu ziko London au New York. Jirani yetu, mama ambaye ananijua tangu siku nilizokuwa nikisukuma gurudumu la waya barabarani, aliinama akachungulia.

"Unatabasamu na nani humo? Umepata mchumba?"

Kituo kizima kikacheka. Nikampa simu. Ilikuwa picha ya Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984: wanaume wamepanda juu ya mti, wanatazama mkutano wa siasa. Nilingoja aniulize ni akina nani wale, au ni chama gani. Akaikuza kwa vidole viwili, akawapita wanaume wote, akapita matawi, akafika mahali ambapo kitambaa chenyewe kimeunganishwa kwa uzi. Hapo akatulia.

"Hapa paliraruka," akasema. "Nani alishona?"

Nimehudhuria maonyesho mengi ya sanaa jijini. Maswali ninayoyasikia mbele ya picha ni mawili: inamaanisha nini, na inauzwa pesa ngapi. La kwanza huulizwa kwa sauti, la pili kwa kunong'ona. Sijawahi kumsikia mtu akianza na la jirani yangu. Sura hii imetoka kwenye swali hilo, na kwa sehemu ni njia yangu ya kumlipa kwa kuniuliza.

Nyumbani kwa Kogo, mama yake baba, kulikuwa na sotet iliyopasuka. Kwa asiyejua, sotet ni kile kibuyu chembamba kirefu ambamo Wakipsigis huweka maziwa ya mursik. Husafishwa ndani kwa sosiot, fimbo yenye ncha iliyopondwa ikawa kama brashi, kisha hufukizwa na kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yanatoka na michirizi ya kijivu na harufu ya moshi ambayo mtoto wa huku akiinusa popote duniani hujua yuko kwao. Kibuyu cha Kogo kilianguka siku moja kikapata ufa kutoka shingoni hadi karibu na tumbo. Hakukitupa. Alitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa kwa waya uliochomwa moto, akapitisha uzi wa mshipa wa ng'ombe, akaukaza, na juu ya mshono akapanga shanga za bluu na nyeupe. Maziwa hayakuvuja. Usiku, stima ikiwa bado ni hadithi ya watu wa mjini, nilikuwa nakitambua kibuyu kile gizani kwa kupitisha kidole kwenye ule mshono. Vile vizima sikuweza kuvitofautisha.

Miaka mingi baadaye niliingia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, nikakuta ukumbini vibuyu vya jamii mbalimbali za Kenya vimepangwa pamoja, vingi, vya kila umbo. Huo ndio usanii ambao wenyewe huuita usimikaji: kazi haitundikwi ukutani, hupangwa kwenye nafasi, nawe unaizunguka au unaingia ndani yake. Ilinipendeza. Lakini pua yangu ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilivuta pumzi nikingoja moshi wa senetwet, nikapata harufu ya sakafu iliyopigwa dawa. Nikaanza kutafuta, kibuyu kimoja baada ya kingine, chenye ufa. Mlinzi alinifuata kwa macho muda wote huo.

Sasa kitambaa cha Armitage. Yeye hachori kwenye turubai. Huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome ambacho Waganda wamekitengeneza kwa karne nyingi. Mafundi huubambua mti wa mutuba gome la ndani, kisha hulifunga shina kwa majani ya migomba ili mti usife. Nao huotesha gome jingine la kuvunwa tena baadaye. Gome hulainishwa kwa mvuke au maji ya moto, likatwangwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, saa baada ya saa, likipanuka na kuwa jembamba, halafu huanikwa juani likapata rangi ya kutu. Ni sanda ya mazishi huko Buganda, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu. Armitage alikutana nacho kwenye soko la watalii Nairobi, kimekatwa vipande vya kuwekea vikombe. Sanda ikawa ya kuzuia meza isilowe chai! Alinunua, akajaribu kuchora juu yake, akakuta kitambaa kina ukaidi wake: kina matundu, makunyanzi na mishono pale gome lilipochanika. Angeweza kuviziba. Aliviacha, na picha zake hulazimika kupita humo. Unaweza kukuta shavu la mtu limekatizwa na tundu, au anga imevukwa na mshono kama kovu.

Vitabu vya sanaa vitakueleza kwamba matumizi hayo ya lubugo ni mazungumzo na historia ya uchoraji wa Ulaya. Ni kweli, na Armitage alisoma London, anawajua wale wachoraji wa kale vizuri. Lakini jirani yangu alifika mahali palepale kwa njia ya mkato. Alimwona mtu wa tatu. Kwenye picha kuna wachorwaji, kuna mchoraji, na kuna yule aliyekaa chini na sindano kabla rangi haijaguswa. Jina lake haliko kwenye kibandiko.

Nilijaribu kumweleza haya yote pale kituoni. Alisikiliza nusu, akarudisha simu, akaenda kupindua majani yake.

Niliwahi kuogopa majumba ya sanaa. Mara ya kwanza kuingia kwenye moja, nikiwa mwanafunzi, nilisoma vibandiko vyote na sikutazama picha hata moja. Kibandiko kina tarehe na jina, mtu anaweza kukihifadhi kama mtihani. Picha inakutazama tu. Mwanamke mmoja mwenye glasi mkononi aliniuliza nimeionaje kazi ile. Nikamjibu kwa maneno niliyokuwa nimeyasoma ukutani dakika moja kabla. Akatikisa kichwa kwa heshima. Sote wawili tulijua.

Kilichonitoa kwenye woga huo ni mbao. Mwaka 2023 taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, NCAI, ambayo Armitage ndiye aliyeianzisha na ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera kwenye barabara ya Limuru, ilifanya maonyesho makubwa ya Chelenge van Rampelberg. Nilikwenda kwa sababu isiyo ya kisanaa kabisa: nilisikia amezaliwa Kericho. Ilikuwa mwaka 1961, na wakati huo Bomet yetu ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kericho, kwa hiyo nilijihesabia ujirani. Maonyesho yaliitwa "Long Way Home", yaani njia ndefu ya kurudi nyumbani, nami nilikuwa nimeshuka kwenye matatu iliyotoka Bomet kupitia Narok, miguu imekufa ganzi. Nikaona jina limenipata.

Chelenge hakusomea sanaa chuoni. Alijifunza mwenyewe, na anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Kenya kushika patasi na kuchonga sanamu. Huchora, huchonga magogo, na hutengeneza chapa za mbao. Mbele ya sanamu zake nilifanya nisichowahi kufanya mbele ya sanaa: nilianza kusoma mti. Hapa palikuwa na tawi. Huku shina lilipinda likifuata mwanga, na mwili wa mtu ukapinda nalo. Mtoto aliyekua akitumwa kuni anajua ni wapi shoka litaingia na wapi litagoma, na ujuzi huo, ambao shuleni hakuna aliyeniuliza, ulikuwa unanisaidia kuona. Sikusoma kibandiko hata kimoja mpaka nilipokuwa natoka.

Chapa zake ndizo zilizonifuata nyumbani. Chapa ya mbao ni kitu rahisi kueleza na kigumu kufanya. Unachora juu ya ubao, halafu unachonga na kuondoa kila pasipotakiwa kuwa na wino. Kilichobaki juu hupakwa wino kwa rola, karatasi ikalazwa, ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko au ikapitishwa kwenye mashine, ikabanduliwa. Yaani unachora kwa kuondoa. Ukikosea hakuna kufuta, maana kosa limeshakuwa shimo.

Niliporudi Boito nilichukua kipande cha ubao wa grevilia uliobaki baba alipojenga zizi, nikanoa patasi, nikakaa barazani. Siku mbili za kujikata vidole. Nilitaka mlima wa majani chai na chini yake jina la mahali petu. Wino niliutengeneza kwa masizi ya taa na mafuta ya kupikia, jambo ambalo simshauri mtu. Nikalaza karatasi, nikasugua kwa kijiko cha Mama, nikabandua. Mlima ulikuwa unaonekana kama ng'ombe aliyelala. Chini yake palisomeka OTIO, na mwishoni B imetupa mgongo. Nilikuwa nimesahau kwamba chapa hugeuza kila kitu kama kioo.

Mama aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. "Hii ni Boito ukiwa unatoka," akasema, "ile tuliyoizoea ni ya kurudi." Akaomba kijiko chake.

Tangu siku hiyo siangalii chapa bila kuwaza mtu aliyelazimika kufikiri kinyumenyume. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa mwaka 1980 na ambaye jina lake lilijulikana kwanza kwa chapa za mbao, baadaye alichora kwa makaa watu wa foleni: wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, wakubwa, wazito, kama nguzo. Wengi huzitazama foleni zile wakakumbuka uchaguzi wa 2007 na yaliyofuata, na ni haki yao, maana msanii mwenyewe alikuwa akifikiria siku hizo. Mimi nilimwona kwanza mtu wa kituo cha majani. Kuna jinsi mtu anavyosimama akiwa ameshapanga foleni miaka mingi: uzito wote kwenye mguu mmoja, mabega yameshuka, shingo haigeuki tena kuangalia kama lori linakuja kwa sababu masikio yanatosha. Kamwathi anaijua shingo ile.

Na Rosemary Karuga? Ningeweza kumwandikia sura nzima. Alizaliwa 1928, akasoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule kwa miongo kadhaa, na alipostaafu na kurudi kwenye sanaa hakuwa na pesa za rangi. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogovidogo, akazibandika vikawa kuku, wanawake sokoni, wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York, pamoja na za wasanii wenzake kutoka Afrika, yeye akiwa mwanamke pekee. Alifariki mwaka 2021. Nilipomwonyesha Mama kuku mmoja wa Karuga alisema tu, "Hiyo nyekundu ni ya pakiti ya unga," akawa amemaliza, kama mtu aliyemtambua mtoto wa jirani kwa pua yake.

Lakini nirudi kituoni, maana lori lilikuwa bado halijafika na simu ilikuwa imeshaanza kuzunguka mikononi. Nikaamua kuwapa kitu nilichodhani kitawafurahisha. Ni kazi ya msanii wa China, Ai Weiwei: tani moja ya chai ya pu'er iliyokandamizwa ikawa mchemraba, mita moja kila upande, imewekwa sakafuni juu ya kibao. Basi. Hakuna rangi, hakuna mtu, ni chai tu, nyeusi, yenye kingo zilizonyooka.

Mimi naipenda kazi hiyo na nilikuwa na hotuba yangu tayari. Kwamba chai ya matofali ilikuwa pesa kule Tibet na Mongolia. Kwamba mchemraba huo unawatania wachongaji wa Marekani wa miaka ya 1960 waliopenda masanduku matupu ya chuma. Huyu ameleta sanduku lenye harufu. Nilianza. Sikufika mbali.

"Ni chai iliyokwisha kutengenezwa au ni majani mabichi?" akauliza mzee mmoja aliyekuwa kimya jioni yote. Nikamwambia imekwisha kutengenezwa. Akatoa kalamu ya risasi kwenye mfuko wa koti, akageuza jalada la kitabu chake cha mkulima, akaanza kuandika. Kilo moja ya chai hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Hiyo hapa hata mtoto anajua. Tani moja basi ni kilo 4,500. Mchumaji mzuri, shamba likiwa zuri na mvua nzuri, tumpe kilo 30 kwa siku. Mzee akagawanya, akapiga mstari chini ya jibu: siku 150. Ukitoa Jumapili, ni karibu miezi sita ya mtu mmoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Akainua kichwa. "Na huyo mtu yuko upande gani wa hilo sanduku?"

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Naweza kumtetea Ai. Mwaka 2010 alimwaga kwenye sakafu ya Tate Modern, London, mbegu milioni 100 za alizeti, zote za kauri, zimetengenezwa na kupakwa rangi moja moja na mafundi zaidi ya 1,600 wa mji wa Jingdezhen, na hakuficha habari za mafundi hao. Msanii huyu anaijua hesabu ya mikono. Lakini kwenye mchemraba wa chai mikono imekandamizwa pamoja na majani, na mtazamaji asiyewahi kuchuna ataona umbo tu. Labda hilo ndilo lililokusudiwa. Mzee hakuridhika na labda, nami nadhani alikuwa na haki: kazi inayohitaji mchumaji aje aihesabu ndipo mchumaji aonekane imeacha pengo, hata kama ni pengo zuri.

"Siku hizi ni mashine," kijana mmoja akadakia kutoka nyuma, na watu wakanyamaza kidogo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mei 2023 kule Kericho waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuna majani kwenye mashamba makubwa, na nyumba nyingi za huku zina mtu aliyewahi kuishi kwa kuchuna huko.

Nikawaza jinsi watalii wanavyosimamisha magari kwenye barabara ya Kericho kupiga picha ya mashamba hayo. Sielewi kwa nini tunawacheka. Ni mazuri kweli. Zulia la kijani lililokatwa sawa kama kwa rula, limepanda kilima na kushuka upande wa pili, na ukungu juu yake. Kama kuna kazi ya usimikaji nchini mwetu iliyo kubwa kuliko zote, ni hiyo, na ilianza kusimikwa na makampuni ya Uingereza katika miaka ya 1920, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe. Ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu kwenda Gwassi, karibu na ziwa Victoria, kwa sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili yao mwaka 1934. Simama popote kando ya barabara ile uulize swali la jirani yangu. Mshono umefunikwa vizuri sana.

Kuna picha moja niliyoiruka jioni ile. Simu ilipokuwa mkononi mwangu niliisukuma kwa kidole haraka ipite, jirani akaiona ikipita. Hakusema kitu.

Ni ya Armitage pia, ya mwaka 2015, na jina lake ni lile tamko la wanawake wa Nairobi la Novemba 2014: mavazi yangu, uamuzi wangu. Wasomaji wengi watakumbuka. Mwanamke alivuliwa nguo kwa nguvu na wanaume kwenye kituo cha matatu katikati ya jiji, kwa kisingizio kwamba amevaa vibaya, video ikasambaa, na tarehe 17 mwezi huo wanawake wakaandamana barabarani. Armitage amemlaza mwanamke uchi, ametupa mgongo, kwa mkao unaokumbusha Venus maarufu wa Velázquez, Mhispania wa karne ya 17, aliyelala vivyo hivyo kwa starehe mbele ya kioo. Huyu hana kioo wala starehe. Amezungukwa na miguu ya wanaume: suruali na viatu, vimejipanga.

Kwenye picha hii ujuzi wangu wote wa mbao, makaa na mishono haukunifaa. Niliiona mara ya kwanza kwenye ukurasa wa kitabu, nikaangalia viatu. Niliviangalia kimoja kimoja. Kuna siku, miaka mingi kabla ya 2014, nikiwa kwenye kituo cha magari cha mji mmoja ambao sitautaja, makanga watatu walimzingira msichana wakimvuta sketi na kucheka. Haikufika mbali kama ile ya Nairobi. Dereva mmoja mzee aliwafokea wakamwachia. Lakini kabla dereva hajafoka palipita dakika nzima, labda mbili, na katika dakika hizo mimi nilikuwa nimesimama palepale na begi langu, nikatazama chini. Nakumbuka viatu vyangu. Vilikuwa vya shule, vyeusi, kimoja kimeachia soli mbele.

Nimesoma uhakiki mwingi wa picha ile. Husemwa juu ya Velázquez, juu ya macho ya mwanamume katika historia ya sanaa, juu ya sanda kuwa kitanda cha aliyedhalilishwa. Yote ni sawa. Mimi sina la kuongeza ila viatu, na kwa sababu hiyo sikutaka iangaliwe kituoni na mama aliyenilea nusu.

Lori lilifika saa mbili kasoro usiku, taa moja haiwaki. Karani alipima kwa haraka, kila mtu akataja namba yake. Mifuko miwili ya Mama ilitoka kilo 27. Za mzee wa hesabu, kilo nne zilikataliwa kwa wekundu, naye akazimwaga kando ya barabara bila neno.

Kesho yake asubuhi jirani alipita kwetu kuazima jembe. Alikunywa chai, akaitazama chapa yangu ya OTIO ambayo Mama ameitundika kati ya kalenda na picha ya harusi yake na Baba, akaicheka kama kila mtu anavyoicheka. Alipokuwa ameshafika mlangoni akageuka.

"Ile uliyoificha jana. Ilete."

Nikamletea. Hakuikuza kwa vidole. Aliishika simu kwa mikono miwili, kwa umbali, kama watu wa rika lake wanavyoshika barua, akaitazama mpaka skrini ikajizima, akanirudishia niiwashe, akaitazama tena.

"Hawana nyuso," akasema.

"Ndiyo, mama. Amechora miguu tu."

"Amefanya vizuri. Angewapa nyuso, kila mmoja angesema, si mimi." Akanirudishia simu. Akachukua jembe. Halafu, bila ukali wowote, kama anayeniuliza kama nimekula: "Na viatu vyako ni vipi hapo?"

Nikamwonyesha.